Alerji si sumu: kipokezi kidogo mwilini kinachofanya mtu avimbe baada ya kula samaki

Mtu anakula bugali na samaki kwa jirani. Kabla sahani haijaoshwa, midomo inaanza kumvimba, ngozi inajaa vipele, anajikuna mwili mzima, kifua kinabana. Baraka kama Fizi centre, Mboko kama Kazimia, neno la kwanza linalotoka kinywani mwa watu ni moja: sumu. Wengine watasema karuho. Na neno hilo likishatoka, mama aliyepika yuko hatarini kuliko hata yule mgonjwa.

Watu wengi wanauliza: kama si sumu, ni nini? Huyu mtu amekula samaki wa ziwa letu tangu utoto, kwa nini leo ndiyo wamdhuru? Swali ni la haki, na sayansi ina jibu lake. Jibu hilo liko kwenye kitu kidogo sana, kipokezi kilicho juu ya seli fulani za mwili wetu. Mwaka 1998 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuonyesha umbo la sehemu yake inayoshika. Tutaeleza pole pole, kwa sababu anayeelewa jambo hili anaweza kuokoa mgonjwa, na pia anaweza kuokoa jirani anayesingiziwa.

Alerji ni nini hasa?

Kiswahili cha vitabu kinasema mzio. Sisi huku tunasema alerji, tulivyozoea kusikia kwa wauguzi. Maana yake ni kwamba askari wa mwili, wale wanaotulinda na magonjwa, wanashambulia kitu ambacho hakina ubaya: nyama ya samaki, karanga, dawa, vumbi la nyumba, kinyesi cha mende.

Kwa hiyo tofauti na sumu ni hii. Sumu inadhuru kila mtu anayeimeza, kulingana na wingi wake. Alerji inampata mmoja tu, na wengine waliokula kwenye sahani ileile wanabaki wazima. Na hapo ndipo watu wanapokosea, maana wanasema: "Sisi wote tulikula, ni yeye tu ameanguka, basi walimlenga yeye." Ukweli uko kinyume. Mmoja akianguka na wenzake wa sahani moja wakabaki wazima, alerji ni jambo la kufikiriwa mapema sana.

Kuna pia jambo la tatu la kutenganisha. Samaki wa bahari kama jodari na sadini, wakikaa kwenye joto kabla ya kuhifadhiwa, vijidudu vinatengeneza ndani yao kemikali inayoitwa histamini. Anayewala anawaka uso, anaumwa kichwa, anatoka vipele. Inafanana sana na alerji, lakini hapo mara nyingi waliokula wanaugua wengi kwa pamoja. Hiyo ni chakula kilichoharibika. Nayo si mkono wa mtu.

Daktari aliyejidunga damu ya rafiki yake

Hadithi ya kujua alerji ilianza na samaki, sawa kabisa na mambo ya kwetu. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao siku hizi uko Poland na unaitwa Wrocław, kulikuwa na madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa na alerji ya samaki aliyepikwa. Prausnitz hakuwa nayo.

Wakachukua maji ya damu ya Küstner, yale yanayobaki damu ikishaganda, wakayadunga kidogo kwenye ngozi ya Prausnitz. Siku iliyofuata wakadunga pale pale maji yaliyotolewa kwenye samaki. Ngozi ikavimba na kuwasha, mahali pale tu. Prausnitz, mtu asiye na alerji ya samaki, alikuwa ameazima alerji ya mwenzake kwa kipande kidogo cha ngozi.

Hapo wakajua mambo mawili. La kwanza, ndani ya damu ya mwenye alerji kuna kitu kinachobeba ugonjwa huo. La pili, kitu hicho kinapoingia kwenye ngozi hakiondoki haraka, kinanata. Lakini kitu chenyewe hakuna aliyekiona, na ilipita zaidi ya miaka 40 bila mtu kukijua.

Mwaka 1966 na 1967, makundi mawili yalikipata, kila moja kwa njia yake. Kundi moja lilikuwa la mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliofanya kazi Denver, Marekani. Lingine lilikuwa Uppsala, Sweden, la Gunnar Johansson na Hans Bennich. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likakubali jina moja: imunoglobulini E, kwa kifupi IgE. Ni moja ya kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza kwenye damu, lakini ndiyo yenye kiasi kidogo kuliko zote.

Kifuli na ufunguo wake

IgE ina umbo kama herufi Y. Mikono miwili ya juu inakamata kitu kinacholeta alerji, tuseme protini ya samaki. Mguu wa chini ndio unaojipachika kwenye seli. Na kwenye seli hiyo kuna mahali maalumu pa kuupokea, ndicho kile kipokezi tunachokizungumzia. Wataalamu wanakiita FcεRI. Tusibebane na jina hilo, tuseme tu kipokezi cha IgE.

Seli zenye vipokezi hivyo kwa wingi zinaitwa mastositi. Zimepangwa pale ambapo mwili unakutana na dunia ya nje: kwenye ngozi, puani, kwenye mapafu, kwenye matumbo. Seli moja inaweza kuwa na vipokezi zaidi ya laki moja. Ndani yake kuna vifuko vilivyojaa histamini na kemikali nyingine, vinangoja amri tu.

Amri inatoka hivi. Siku mtu anakula samaki, protini ya samaki inapita kwenye damu na kukamatwa na IgE mbili zilizokaa jirani juu ya mastositi. Inazivuta pamoja. Vipokezi viwili vikisogeleana, mikia yake iliyo ndani ya seli inaamsha ishara, na katika dakika chache vifuko vinapasuka. Histamini inatoka. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, ndiyo maana uvimbe na vipele. Njia za pumzi zinabana, ndiyo maana kukoroma kifuani. Ikitokea mwili mzima kwa mara moja, damu inakosa nguvu ya kusukumwa, presha inaanguka, mtu anazimia. Hiyo inaitwa anafilaksi, na inaua.

Sasa rudi kwenye lile swali: kwa nini leo, wakati amekula samaki miaka yote? Kwa sababu alerji inaandaliwa kimya kimya. Kuna siku mwili ulianza kutengeneza IgE ya samaki, bila homa, bila dalili yoyote. IgE hizo zikaenda kukaa kwenye vipokezi vyake zikingoja. Mtu hajui. Mlo unaofuata ndio unaowasha moto. Ni vilevile kwa sindano ya penisilini: mgonjwa anaweza kupata ya kwanza salama, kisha ya pili au ya tano ikamuangusha. Kwa hiyo mtu kusema "alizoea kula" au "alizoea dawa ile" hakuthibitishi sumu hata kidogo.

Walipataje picha ya kitu kisichoonekana?

Kipokezi ni kidogo kiasi kwamba hakuna darubini ya laboratwari ya hospitali inayoweza kukionyesha. Njia waliyotumia inapitia kwenye fuwele, ambazo wengine wanaita kristali.

Fuwele unazijua. Chukua chembe ya chumvi, hata ile ya Uvinza ng'ambo ya ziwa, uiangalie vizuri juani. Ina pande zilizonyooka kama kijisanduku. Inakuwa hivyo kwa sababu vipande vidogo sana vilivyomo ndani yake vimejipanga kwa mistari, kimoja nyuma ya kingine, kama matofali kwenye ukuta. Protini nayo, ikisafishwa sana na kuandaliwa kwa ustadi, inaweza kujipanga vile. Lakini ni kazi ya subira, kwa sababu protini ni laini na haipendi kukaa kwenye mstari.

Fuwele ikishapatikana, wanaipiga mionzi ya X, jamaa ya ile inayopiga picha ya mfupa uliovunjika hospitalini. Mionzi inagonga na kutawanyika, inaacha madoa madoa yaliyopangika. Kutokana na madoa hayo, kwa hesabu ndefu za kompyuta, wanarudisha umbo la protini. Ni kama kuangalia mawimbi yanavyorudi kutoka ufukweni, halafu ukachora jiwe lililo chini ya maji.

Ndivyo walivyofanya Scott Garman na Theodore Jardetzky wa chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, pamoja na Jean-Pierre Kinet, ambaye kundi lake tayari lilikuwa limefafanua vipande vinne vya kipokezi hiki mwaka 1989. Mwaka 1998 walitoa umbo la kile kipande kinachobaki nje ya seli, kinachoshika IgE. Walikiona kwa undani wa angstromu 2.4. Kukupa mfano: gawa milimita moja mara milioni moja, halafu chukua chini kidogo ya robo ya kipande kimoja.

Waliona nini? Sehemu mbili zilizokunjana, kama paa la nyumba lililoinuka katikati. Juu ya paa kuna vipande vinne vya triptofani, moja ya asidi za protini, vilivyochomoza nje. Kwa kawaida vipande vya namna hiyo vinapenda kujificha ndani, mbali na maji. Kuviona vimesimama nje ni kama kuona gundi iliyopakwa, inangoja kitu cha kunata.

Mwaka 2000 kundi hilohilo likatoa picha ya pili, kipokezi kikiwa kimeshikana na mguu wa IgE. Hapo siri ikafunguka. Mguu wa IgE una nusu mbili, na kipokezi kinazishika zote mbili kwa pamoja, kimeingia katikati yake. Fikiria mtoto aliyefungwa kitenge mgongoni kwa mama: ameshikwa kulia, ameshikwa kushoto, hadondoki. Ndiyo maana IgE inanata kwa nguvu vile. Ikiwa huru kwenye damu inadumu siku mbili hivi, lakini ikishapanda kwenye kipokezi inaweza kukaa kwenye ngozi kwa majuma. Kile ambacho Prausnitz alikiona mwaka 1921 kwenye ngozi yake kikapata maelezo.

Picha ilieleza na jambo lingine. Kwa kuwa kipokezi kimoja kinachukua nusu zote mbili, IgE moja haiwezi kushikwa na vipokezi viwili. Ni bahati kwetu. Kama ingewezekana, IgE yenyewe ingevuta vipokezi pamoja na mastositi zingepasuka kila siku bila hata samaki.

Picha hiyo inatusaidia nini?

Anayejua umbo la kifuli anaweza kutafuta namna ya kukiziba. Dawa moja tayari iko duniani, omalizumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003 kwa ugonjwa wa pumu, na mwaka 2024 kwa alerji ya chakula. Tuseme ukweli: dawa hiyo ilianza kutengenezwa kabla ya picha hizi. Lakini picha ndizo zilizosaidia kuelewa inavyofanya kazi na mipaka yake. Inakamata IgE iliyo huru kwenye damu, isifike kwenye kipokezi. Ile iliyokwisha kupanda haiigusi, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa kuchomwa sindano mara kwa mara. Mwaka 2012 Jardetzky na wenzake wakaonyesha jambo jipya laboratwari: protini ndogo iliyotengenezwa na watu inaweza kung'oa IgE kutoka kwenye kipokezi.

Hizo si dawa za kuulizia leo kwenye farmasi za Baraka. Bei yake ni kubwa na zinahitaji friji. Dawa inayookoa mtu kwenye anafilaksi ni ya zamani, ya bei ndogo, na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani: adrenalini. Tutaifikia.

Na minyoo inaingiaje hapa?

Unaweza kuuliza, mwili unaweka IgE ya nini kama inatuletea taabu? Wataalamu wengi wanaamini kazi yake ya asili ni kupigana na minyoo. Watu wanaoishi kando ya maziwa kama sisi, wenye bilhazia na minyoo ya tumbo, wanaonekana kuwa na IgE nyingi kwenye damu. Na utafiti uliofanywa Kenya na Gambia miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watu wenye IgE fulani dhidi ya minyoo ya bilhazia hawaambukizwi tena upesi baada ya kutibiwa.

Kutokana na hapo kukaja wasiwasi: je, tukiwapa watoto dawa ya minyoo kila mara, tutawaletea alerji? Waganda walilichukua swali hili kwa uzito. Kwenye visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, watafiti wa Entebbe walifuata vijiji 26 vya wavuvi kwa miaka mitatu. Vijiji vingine vilipata dawa ya minyoo mara chache kama kawaida, vingine mara nyingi zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019: hakukuwa na tofauti ya kukoroma kifuani wala ya alerji kati ya makundi hayo mawili. Kwa mzazi wa Fizi maana yake ni rahisi. Dawa ya bilhazia na ya minyoo ikigawiwa shuleni, mtoto anywe. Hofu ya alerji isiwe sababu ya kumficha.

Ikitokea nyumbani kwako, fanya hivi

Dalili za kuogopa ni hizi: midomo, ulimi au koo kuvimba, sauti kubadilika, kupumua kwa shida, kutapika pamoja na vipele, kizunguzungu, jasho baridi, kuzimia. Mara nyingi zinaanza dakika chache baada ya sindano au kuumwa na nyuki, na kwa chakula zinaweza kuchukua hata saa mbili.

Mlaze mgonjwa chali, muinue miguu. Kama pumzi inamsumbua, aketi. Usimsimamishe wala kumtembeza, maana presha ikiwa chini kusimama peke yake kunaweza kumuua. Mama mwenye mimba alale ubavu wa kushoto.

Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa kwa kudhani anatapishwa sumu. Koo lililovimba halimezi vizuri, na vinaweza kumpalia.

Mpelekeni haraka kwenye kituo cha afya au hopitali iliyo karibu, na semeni wazi alichokula au alichodungwa, na saa ilipoanza. Muuguzi anatakiwa kutoa adrenalini kwenye nyama ya paja, upande wa nje. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, kwa mtoto kulingana na uzito. Ikiwa hakuna nafuu, inarudiwa baada ya dakika tano hivi. Vidonge vya kuzuia histamini vinatuliza mwasho, lakini haviinui presha wala havifungui koo. Vikingojewa peke yake, muda unapotea.

Mgonjwa akipata nafuu asirudi nyumbani mbio. Hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Abaki aangaliwe.

Kisha jina la kilichomdhuru liandikwe kwenye karatasi yake ya matibabu, naye alikariri. Anayekwenda kudungwa aulizwe kila mara: "Kuna dawa iliyowahi kukufanyia vibaya?" Kama hakuulizwa, aseme mwenyewe. Na sindano za mtaani, anazochomwa mtu dukani na aliyemchoma hana adrenalini pembeni, ni kamari na maisha.

Kwa mwenye alerji ya samaki, kuwapika vizuri hakutoshi. Protini inayoleta alerji mara nyingi, iitwayo palvabumini, inavumilia moto. Ajihadhari na mchuzi na hata na sufuria iliyopikiwa ndakala au mikeke.

Wazee wa vijiji, wachungaji, mashehe na viongozi wa mitaa nao wana kazi yao hapa. Mtu akivimba mezani, swali la kwanza liwe "Tumfikishe wapi?" na si "Nani alimpikia?" Muuguzi akisema ni alerji, kiongozi alitangaze hilo mbele ya familia zote mbili, siku ileile, kabla vijana hawajaanza kukusanyika kwenye mlango wa mama aliyepika.